Kopo la Maziwa Chini ya Kitanda

Kabla ya kuwa mlezi nilifundisha shule ya msingi mjini Morogoro kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote darasani kwangu hawakukosekana watoto wa makao ya kulelea watoto yaliyokuwa jirani na shule. Niliwatambua kwa sare zilizoshonwa na fundi mmoja, kwa vichwa vilivyonyolewa siku moja, na, nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa majina yao ndiyo yaliyojaa katika orodha ya wakosaji. Nilijua kwamba walifiwa na wazazi au walitengana nao. Zaidi ya hapo sikujua kitu, wala sikuuliza. Nilipoajiriwa kuwa mama mlezi katika makao mengine ya mkoa huohuo, ndipo nilipoanza kuona kwamba yale niliyoyaita utukutu, uvivu na uzito wa kichwa yalikuwa na chanzo chake, na kwamba mtoto anayeketi darasani asubuhi ndiye yuleyule anayelala bwenini usiku, ingawa walimu na walezi tulimgawana tukamshughulikia kana kwamba ni watoto wawili.

Majina ya watoto siyataji. Mmoja nitamwita mvulana wa Kilosa, kwa sababu huko ndiko alikotoka, akiletwa na afisa ustawi wa jamii saa kumi ya jioni, akiwa na barua moja ya rufaa na mfuko wa plastiki wenye kaptula. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala ripoti ya shule. Barua ilisema ana miaka kumi. Aliwahi kuandikishwa darasa la kwanza, akasoma miezi michache, kisha akaacha na kuanza kuchunga mbuzi wa watu. Mama yake alikwishafariki, na bibi yake, ambaye ndiye aliyebaki, alishindwa kumlisha pamoja na wajukuu wengine wanne. Shule ya jirani ilimpokea bila tatizo, kwa kuwa tangu mwaka 2016 elimu ya msingi hutolewa bila ada, na ikamweka darasa la pili. Magoti yake yaligusa dawati kwa chini, na watoto wa miaka saba na minane waliokaa naye walimwita babu.

Wiki ya pili bweni lilianza kunuka. Tulipoinua godoro lake tukakuta sisimizi wamejipanga kuelekea kwenye vipande vya ugali mkavu, muhogo uliooza na dagaa waliofungwa katika karatasi ya daftari. Nilimkaripia mbele ya wenzake. Nilimwambia kwamba hapa chakula kipo, watu wanakula mara tatu, na mtoto mwenye akili hawezi kulala na ugali. Alinisikiliza akitazama miguu yangu, hakujibu neno, na usiku ule akahamishia akiba yake kwenye begi la shule. Baada ya siku chache niliitwa na mwalimu wake: alikuwa amechukua maandazi ya watoto watatu na kuyasukumia ndani ya begi bila kuyala. Shuleni kosa hilo liliandikwa kuwa ni wizi, na alichapwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira naye, na hasira hiyo ndiyo ninayoijutia mpaka leo kuliko kosa lolote jingine nililolifanya katika kazi hii.

Aliyenifumbua macho ni mlezi mkongwe tuliyekuwa tukimwita Mama Mkubwa, mwanamke asiyekuwa na cheti chochote cha malezi, ambaye alikuwa amekaa pale tangu makao yanafunguliwa. Alichukua kopo tupu la maziwa ya unga, akaliosha, akalianika, akaweka ndani karanga za kukaanga na andazi moja, kisha akamwita mvulana yule kando ya jiko. Akamwambia: "Hili ni lako, mwanangu. Hakuna wa kulifungua ila wewe. Likiisha, njoo kwangu nilijaze." Hakumhubiria. Kopo liliwekwa chini ya kitanda, na kwa wiki kadhaa, zamu yangu ya usiku iliponikuta nikizunguka bwenini, nilisikia mfuniko wa bati ukilia kwenye saa nane, na tena kwenye saa kumi. Hakuwa akila. Alikuwa akifungua, akigusa kilichomo, akifunika. Mwezi wa tatu tangu apewe kopo nilianza kuukosa mlio ule. Asubuhi nililikuta kopo limejaa, andazi limekauka, na tangu hapo hatukuokota chakula tena chini ya godoro wala katika begi.

Mwezi uleule ndio alioanza kuunganisha silabi. Sisemi kwamba kopo lilimfundisha kusoma. Nasema kwamba mtoto anayeamka usiku mara mbili kuhakikisha kwamba kesho atakula hufika darasani akiwa amechoka, na akili yake imeshikwa na hesabu nyingine, nzito kuliko ile iliyoko ubaoni. Nilifundisha miaka tisa bila kulifahamu jambo hilo.

Kuhusu masomo yenyewe, mvulana huyu alinifundisha jambo ambalo sasa nalifanya kwa kila mtoto mgeni. Daftari lake lilikuwa safi kuliko madaftari yote ya darasa lake. Mwandiko ulikuwa wa duara, mistari imenyooka, na vema nyekundu zilijaa pembeni. Nilifurahi nikadhani huyu amesoma mahali. Jioni moja nikamwambia anisomee alichoandika mchana. Akanyamaza. Nikamwonyesha neno moja tu, "mama", aliloliandika mara sita katika ukurasa ule, na hakulijua. Alikuwa amejifunza kunakili maumbo ya ubaoni kama mtu anavyonakili nakshi ya mkeka, kwa sababu kunakili kulimficha, na katika darasa la watoto zaidi ya tisini mwalimu hana muda wa kumsikiliza kila mmoja akisoma. Mtoto aliyehamahama hujifunza mapema kwamba usalama wake ni kutoonekana. Kwa hiyo mtoto yeyote akifika kwetu sasa simuulizi yuko darasa la ngapi. Namwomba anisomee daftari lake mwenyewe, tukiwa wawili, mahali ambapo wenzake hawasikii.

Baada ya hapo tunaanza pale alipo hasa, hata kama ni a, e, i, o, u kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ugumu wa kazi hii ni aibu. Mvulana wa Kilosa alikataa katakata kitabu cha darasa la kwanza, kwa sababu picha zake zilikuwa za watoto wadogo na wenzake wangemcheka. Nikaacha kitabu. Nikamwomba anisimulie habari za mbuzi aliowachunga, nami nikawa naandika sentensi zake mwenyewe, fupifupi, kwa herufi kubwa: Mbuzi mweupe ana hasira. Mbuzi mweupe anapenda majani ya mlonge. Alizisoma siku ya kwanza kwa kukumbuka alichosema, siku ya tatu kwa kubahatisha, na baada ya wiki mbili kwa kuzitamka silabi. Hesabu tulizifanya kwa vizibo vya soda na kwa kupima unga wa jioni, kwa kuwa kipimo cha unga kina jibu ambalo kila mtu analila. Dakika kumi za mtoto mmoja na mtu mzima mmoja zilizaa zaidi kuliko saa nzima ya kujisomea, ambayo kwetu ilikuwa na watoto ishirini na sita kuzunguka meza mbili chini ya taa moja ya sola, wengine wakinakiliana majibu ili wakalale. Kwa wasiowahi kabisa kusoma, kama binti mmoja wa miaka kumi na minne aliyetoka kwenye kazi za ndani, nafasi ilikuwa kwenye MEMKWA, yaani ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, na nashukuru kwamba mwalimu wake alielewa haraka kwa nini binti huyo alitetemeka kila alipoitwa kwa sauti.

Hata hivyo, mtoto anayevunja vitu na kupigana huonekana, na anayeonekana hupata msaada au angalau hupata adhabu. Ninaohangaika nao zaidi ni wale watulivu. Tulikuwa na msichana ambaye kila mgeni alimsifu. Aliamkia kwa kupiga goti, aliosha vyombo ambavyo si zamu yake, na alikuwa wa tatu au wa nne darasani. Akimwona mgeni kwa mara ya kwanza alimkimbilia, akamshika mkono, akataka apakatwe, hata alipokuwa na miaka tisa. Wageni walitoka na machozi wakisema mtoto huyu ana upendo. Nami nilikuwa nikisema hivyohivyo. Katika semina moja ya walezi, afisa aliyetufundisha alitueleza kuhusu utafiti ulioanzishwa mjini Bucharest, Romania, mwaka 2000, na wanasayansi wa Marekani Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah. Walifuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi. Nusu walihamishiwa kwenye familia za malezi, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya huko. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi kiakili na katika kujenga ukaribu na mlezi, hasa waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Tukaambiwa pia kwamba kumrukia kila mgeni bila hofu ni dalili ambayo imeonekana mara nyingi kwa watoto waliokulia katika taasisi: mtoto hajachagua mtu wake, kwa hiyo kila mtu ni sawa. Nilikaa kwenye kiti kile nikimfikiria msichana wetu, na nikajisikia vibaya kwa kila mara nilipomwambia mgeni, "Huyu hana shida kabisa."

Jioni ile nilikaa naye tukahesabu. Kwa miaka minne aliyokaa kwetu alikuwa amelelewa na wamama wanane. Wengine waliacha kazi kwa sababu ya mshahara, jambo ambalo siwezi kumlaumu mtu. Lakini wengi walihamishwa nyumba kwa makusudi, kwa kuwa uongozi uliamini kwamba mtoto akimzoea mlezi mmoja atasumbua siku mlezi huyo akiondoka, na hivyo zamu zilibadilishwa kila baada ya miezi michache. Mimi mwenyewe nilikuwa mama yake wa tano, kisha nikahamishwa, nikampisha wa sita, na sikuwahi kumuaga kwa maelezo. Nilihamisha shuka zangu tu. Alipokuwa darasa la sita alianguka ghafla, kutoka wa nne hadi wa hamsini na kitu, muhula uleule alipoondoka mlezi wa nane, aliyekuwa akimsuka na kumsikiliza akisoma. Shule ilitafuta sababu katika hesabu na Kiingereza. Mwalimu mmoja alipendekeza masomo ya ziada. Sababu ilikuwa kitandani, ambako msichana wa miaka kumi na miwili alianza kukojoa tena usiku na kuficha shuka asubuhi.

Tulipeleka hoja kwa uongozi kwa maandishi, walezi wanne tukatia saini. Haikupokelewa vizuri mara ya kwanza. Walituambia tunataka kujimilikisha watoto. Tulirudi mara ya pili tukiwa na karatasi yenye majina ya walezi na tarehe walizohama upande mmoja, na nafasi za watoto darasani kwa kila muhula upande wa pili. Hatukuwa watafiti na hesabu zetu zilikuwa za kalamu na rula, lakini mtu aliyeziona hakuhitaji maelezo marefu. Walikubali mlezi akae na kundi lake kwa mwaka usiopungua mmoja, na anayeondoka apewe wiki mbili za kuaga, akiwa pamoja na anayempokea. Wiki hizo mbili zina vilio vingi. Nimekuja kuamini kwamba kilio hicho ni afya, na kwamba kilichokuwa kikitutisha ni ule ukimya wa zamani.

Kwa upande wa shule yapo mambo madogo ambayo kwa mwalimu ni ya kawaida na kwa mtoto wa makaoni ni mwiba. Mwalimu akisema "kamlete mzazi", mtoto mwenye mzazi huenda nyumbani akarudi naye. Wa kwetu waliondoka shuleni wakakaa kwenye mapagala mpaka saa ya kutoka, siku tatu, nne, kwa sababu mlezi mmoja hawezi kuitikia wito wa watoto kumi na watatu, na wao wanajua kwamba wakileta ujumbe watakuwa mzigo. Rejista iliandika utoro. Mwalimu akiwaambia wanafunzi wachore familia zao na kuandika majina, wapo wanaochora nyumba isiyo na mtu. Na viatu vya msaada vikifika, sauti inatoka mbele ya mstarini: "Wa kituo simameni." Nililisema neno hilo mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu, pengine mara ishirini, na kila mara niliamini ninawatendea wema.

Viboko navyo vinahitaji kusemwa waziwazi. Kanuni za serikali zinamtaka mkuu wa shule ndiye aamue, visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Mazoea ya mashuleni yanajulikana. Sizungumzii sheria hapa. Nazungumzia kile nilichokiona kwa watoto waliopigwa sana kabla hawajafika kwetu: fimbo ikiinuliwa, hata ikiwa ni ya kuonyeshea ubaoni, wengine huganda wasisikie tena kinachofundishwa kwa siku nzima, na wengine hukimbia dirishani. Mvulana wa Kilosa alikuwa wa kukimbia. Mwalimu wake wa darasa la tatu, mwanamke kijana aliyekuwa na wanafunzi wengi kuliko nguvu zake, ndiye aliyepata njia. Alimhamishia dawati la mwisho, ukutani, ambako hakuna mtu nyuma yake, na akampa kazi ya kugonga kengele. Tukaanza pia daftari dogo la kurasa arobaini lililosafiri katika begi lake kati yangu na mwalimu. Mimi niliandika mistari miwili kila asubuhi: amelala vizuri, au hakulala; jana alitembelewa na mjomba; leo ni siku ya kumbukumbu ya mama yake. Yeye aliandika mistari miwili mchana. Siku nilipoandika kwamba hakulala, mwalimu hakumsimamisha kujibu swali. Ni msaada usiogharimu chochote zaidi ya daftari na watu wawili wanaoheshimiana, na ndio uliomfikisha kwenye upimaji wa darasa la nne, ambao aliupita bila kukariri darasa.

Lakini mvulana huyu alipaswa kuwa wapi hasa? Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, uliopitishwa mwaka 2009, mwaka uleule tulipopata Sheria ya Mtoto hapa Tanzania, unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika familia. Nilipousoma nilimkumbuka bibi yake. Kosa la bibi yule lilikuwa kukosa unga. Miaka yote ile tulimlisha mjukuu, tukamvisha, tukamfundisha kusoma maneno ambayo bibi angeweza kuyasikia kila jioni, na hatukuwahi kupiga hesabu ya gunia ngapi zingetosha kumwacha alipo. Kwa watoto wasio na ndugu kabisa ipo njia ya familia za kuaminika na malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa katika familia isiyo ya damu yake, na afisa ustawi wa wilaya ndiye anayezisimamia. Huyu alikuwa na ndugu.

Alirudi Kilosa akiwa ameingia darasa la tano, baada ya miezi minane ya kutembeleana wakati wa likizo, na baada ya bibi kusaidiwa mtaji wa kuku na mbegu za mahindi. Nilimsindikiza kwa basi, kupitia Dumila. Katika bahasha nilibeba barua ya uhamisho, cheti cha kuzaliwa tulichokihangaikia RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi, na madaftari madogo manne yaliyojaa mwandiko wangu na wa mwalimu wake. Mwalimu mkuu wa shule mpya alitaka kuchukua barua tu. Nilimwomba anisubirie nikae na mwalimu wa darasa, naye akakubali. Tulisoma kurasa kadhaa pamoja tukiwa chini ya mwembe, na mwalimu yule wa darasa akatafuta daftari jipya katika kabati ya ofisi, akaandika tarehe juu ya ukurasa wa kwanza, akaniuliza kama bibi anajua kusoma. Nikamwambia hajui, ila mjukuu atamsomea.

Nyumbani bibi alipokea mfuko wa nguo na kopo. Aliligeuzageuza, akauliza ni la kazi gani, kwa kuwa kopo zuri kama lile linafaa kuwekea chumvi. Nilimweleza habari yote, tangu sisimizi hadi mlio wa mfuniko. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaingia ndani, akatoka na karanga mbichi za shambani, akazimimina. Mvulana alikuwa ameshaondoka kwenda kuwaangalia mbuzi wa jirani. Bibi akaliweka kopo kando ya mtungi, mlangoni, atakapoliona akiingia.